Lenzi Imeingia, Mbona Haifokasi?

Chukua Nikon D3200, kamera ya mwaka 2012 yenye megapikseli 24, kisha weka mezani lenzi tatu, zote za Nikon, zote zimeandikwa 70-300. Ya kwanza ni AF 70-300mm f/4-5.6G, ile nyepesi ya bei ya chini. Inaingia, inajifunga kwa mlio wake wa kawaida, mita ya mwanga inasoma na picha inapigika. Lakini ukibonyeza kitufe nusu ili ifokasi, kimya, hakuna kinachozunguka. Ya pili ni AF-S 70-300mm VR iliyotoka mwaka 2006. Hii inafanya kila kitu. Ya tatu ni AF-P DX 70-300mm ya mwaka 2016, mpya kuliko zile nyingine mbili na mpya kuliko kamera yenyewe. Nayo inaingia vizuri tu, ila haifokasi yenyewe na haikubali hata kufokasiwa kwa mkono. Pete yake haishiki vioo moja kwa moja: unapoizungusha unaiomba mota ya ndani ivisogeze, na mota hiyo inasubiri maagizo ambayo D3200 haikutengenezwa kuyatoa. Jina la kampuni ni moja, pete ya kufungia ni moja, namba ni zilezile, na matokeo ni matatu tofauti kabisa.

Muuzaji anayesema kwamba lenzi za Nikon zinaingia kwenye kamera za Nikon hasemi uongo. Zinaingia. Lakini kuingia ni jambo moja na kufanya kazi ni jambo jingine, na katikati ya hayo mawili ndipo fedha za wanaoanza upigaji picha zinapopotea. Ninachoshikilia hapa ni kwamba kamera za kuanzia zilifanywa rahisi kwa kuondolewa kifaa ambacho mnunuzi hakioni, gharama ya kifaa hicho ikahamia kwenye lenzi, na mnunuzi hakuambiwa kwa lugha anayoielewa. Kukiondoa hakukuwa kosa la kiufundi. Kosa lilikuwa kumwachia anayeanza, mtu anayejua machache kuliko wote kwenye biashara hii, kazi ya kusoma herufi ambazo hata baadhi ya wauzaji hawazijui maana.

Kifaa chenyewe ni mota ndogo. Kufokasi ni kusogeza vioo vilivyomo ndani ya lenzi mpaka taswira itue sawasawa juu ya sensa. Kwenye kamera zenye kioo kinachopanda na kushuka, sehemu ya mwanga hupenya kioo kikubwa, ikaakisiwa na kioo kidogo kilicho nyuma yake na kuelekezwa kwenye kipimio kilichowekwa chini kabisa, sakafuni mwa kamera. Kipimio hicho hulinganisha mwanga uliopitia upande mmoja wa lenzi na ule uliopitia upande wa pili. Taswira hizo mbili zikiachana, kamera inatambua kwamba fokasi haijakaa, na zaidi ya hapo inatambua imepotea kwa kiasi gani na kuelekea wapi. Kinachobaki ni nguvu ya kuzungusha. Jicho na akili vimo ndani ya kamera siku zote. Mkono ndio unaoweza kukaa kwenye kamera au kwenye lenzi.

Mkono ukikaa kwenye kamera, utauona kwa macho. Vua lenzi kwenye Nikon D90 au D7000 na utazame pete ya chuma: upande wa chini kuna kichuma kidogo kinachochomoza, kimechongwa ncha kama ya bisibisi bapa. Geuza lenzi ya aina ya AF au AF-D utazame mgongo wake, utakuta kijitundu chenye mfuo unaopokea ncha hiyo. Ukibonyeza kitufe, mota ya kamera inazungusha kichuma, kichuma kinazungusha gia za lenzi, na vioo vinasogea kwa mlio wa kukereza unaosikika chumba kizima kikiwa kimya. Sasa tazama pete ya D3200. Kichuma hakipo. Lenzi ikitegemea kichuma hicho, kamera itapima vizuri, itajua kabisa fokasi ilipo, na haitakuwa na namna ya kuifikia.

Ili kuelewa tumefikaje hapa, inabidi kurudi miaka ya 1980, pale kampuni za Kijapani zilipolazimika kuchagua nani aumie. Minolta ilitoa kamera ya 7000 mwaka 1985, ikiwa na mota ndani ya bodi, na ili kufanya hivyo ikabadilisha pete ya kufungia lenzi. Nikon ilifuata mwaka 1986 na F-501, nayo ikiwa na mota ndani ya bodi, lakini haikuigusa pete yake ya tangu 1959. Aliyekuwa na kabati la lenzi za Nikon hakuambiwa azitupe. Canon ilifanya kinyume. Mwaka 1987 ilitoa EOS 650 na pete mpya kabisa ya EF isiyo na kichuma wala wenzo wowote wa kusukumana: mawasiliano yote kati ya kamera na lenzi ni ya umeme, na kila lenzi ya otofokasi ina mota yake. Lenzi za zamani za FD hazikuingia tena kwenye kamera mpya. Wenye lenzi hizo walikasirika, na walikuwa na haki ya kukasirika, maana walikuwa wamewekeza fedha nyingi kwenye mfumo uliofungwa mlango usiku mmoja.

Lakini maumivu ya Canon yalikuwa ya mara moja, na waliolipa walikuwa wapigapicha waliokwisha kuijua kazi. Ukichukua leo lenzi ya 50mm f/1.8 ya Canon iliyotoka mwaka 1990, yenye mwili wa plastiki na mota inayokoroma, na kuiweka kwenye EOS 4000D ya mwaka 2018, mojawapo ya kamera za bei ya chini kabisa kutoka kampuni hiyo, itafokasi. Miaka 28 imepita kati ya vitu hivyo viwili na hakuna herufi ya kusoma wala jedwali la kutafuta. Nikon kwa upande wake iliwatendea wema wenye lenzi za zamani, na wema huo ni wa kweli. Ila uliiachia kampuni njia mbili za kufokasi zinazoishi pamoja. Lenzi zenye mota zilianza na zile ndefu za gharama kubwa: AF-I mwaka 1992, kisha AF-S mwaka 1996. Kwa miaka kama kumi hilo halikumsumbua anayeanza, kwa kuwa kila bodi ya otofokasi aliyoweza kuinunua ilikuwa na kichuma chake. D50 ya mwaka 2005, kamera ya watu wa kawaida, ilikuwa nacho.

Mwishoni mwa 2006 ikaja D40. Ilikuwa ndogo, nyepesi, yenye megapikseli 6, ikiuzwa Marekani kwa takriban dola 600 pamoja na lenzi yake ya 18-55mm, na ilipendwa sana kwa haki. Ndani yake mota haikuwepo. Kitabu cha maelekezo kilieleza wazi kwamba otofokasi itapatikana kwa lenzi za AF-S na AF-I peke yake, na anayetaka kuitetea kampuni anaweza kusimama hapo. Mimi naona utetezi huo hautoshi. Kitabu cha maelekezo kimo ndani ya boksi; mtu hukisoma baada ya kulipa. Na baya zaidi ni kwamba wakati D40 inatoka, lenzi ambayo kila mwalimu wa picha humshauri mwanafunzi ainunue pili, yaani ile fupi isiyozumu, yenye mwanya mpana na bei ndogo, haikuwa na mota kwa upande wa Nikon. AF 50mm f/1.8D ilikuwa rahisi na kali, lakini ilikuwa ya kichuma. AF-S 35mm f/1.8G ilikuja mwaka 2009, na AF-S 50mm f/1.8G mwaka 2011, hiyo ya mwisho ikiwa ghali waziwazi kuliko ile ya kichuma. Kwa hiyo kwa zaidi ya miaka miwili aliyenunua kamera rahisi kuliko zote za Nikon hakuweza kupata lenzi rahisi ya Nikon ya aina hiyo inayofokasi yenyewe, huku jirani yake mwenye D80, kamera ya bei kubwa zaidi, akiitumia ile ya bei nafuu bila shida. Aliyekuwa na kidogo ndiye aliyetakiwa kutoa zaidi.

Tangu hapo hakuna bodi ya kuanzia ya Nikon yenye kioo iliyorudishiwa mota. D60, D3000, D3100, D3200, D3300, D3400 hadi D3500 ya mwaka 2018; D5000 hadi D5600: zote hazina. Faida moja ndogo ilijitokeza, nayo naisema kwa sababu wapenzi wa vyombo vya kale huifurahia: kwa kuwa pete za kamera hizi hazina vile vijenzo vya kushikana na lenzi za zamani, hukubali bila kudhurika hata baadhi ya lenzi za kabla ya 1977 zinazoweza kuharibu bodi za gharama. Tatizo ni kwamba na lenzi hizo mita ya mwanga haifanyi kazi na kila kitu unakipanga mwenyewe.

Wapo watakaosema nalaumu bure, kwamba mota ndani ya lenzi ni njia bora na Nikon ilikuwa ikielekea kulekule ilikokwenda Canon. Kwa sehemu kubwa nakubali. Lenzi ndefu yenye vioo vizito inahitaji mota ya nguvu, fupi inahitaji mota ndogo. Mota moja ya bodi inajaribu kuzitosheleza zote na wakati mwingine inashindwa. Kwenye video mlio wa kichuma unaingia moja kwa moja kwenye sauti, wakati mota za hatua za AF-P, au zile za STM ambazo Canon ilizianzisha mwaka 2012, hazisikiki. Na kuiondoa mota kweli kulipunguza uzito na ukubwa. Ila njia hii nayo ina gharama ambayo matangazo hayaitaji. Mota ya lenzi ikifa, lenzi nzima imekufa kwa otofokasi, na mota za AF-S zilizozeeka zinajulikana kwa kupiga kelele kisha kugoma. Lenzi ya AF-D ya miaka ya 1990 haina mota ya kuungua. Ina gia na skrubu, na nyingi bado zinafanya kazi. Kwa mtu anayenunua kilichotumika, kama wanunuzi wengi wa Afrika Mashariki wanavyofanya, tofauti hiyo ni ya fedha taslimu. Kwa hiyo silaumu kuhamishwa kwa mota. Nalaumu kuhamishwa kwake kimyakimya, kukianzia kwa mtu wa chini.

Pingamizi zito zaidi ni la wale wanaouliza kwa nini mtu asifokasi kwa mkono kama walivyofanya wapigapicha wengi kabla ya 1985. Kamera zenyewe zinasaidia: hata lenzi isipokuwa na mota, kipimio kinaendelea kupima, na kitone cha kijani huwaka pembeni ya dirisha la kutazamia pale fokasi inapokaa. Kwa mlima, jengo au mtu aliyeketi kwa utulivu, hilo linatosha kabisa. Lakini fanya hesabu ya lenzi ya 50mm iliyofunguliwa hadi f/1.8 kwenye sensa ya D3200, ikimlenga mtu aliye umbali wa mita moja. Eneo litakalokuwa kali lina kina cha takriban sentimita 3, karibu sawa na nafasi iliyopo kati ya ncha ya pua na jicho. Mtu akipumua tu na kuinama kidogo, jicho limetoka. Kamera za filamu za zamani zilikuwa na dirisha kubwa na katikati yake duara lililopasuliwa, ambalo mstari wake uliungana fokasi ilipokaa. D3200 haina duara hilo; dirisha lake ni dogo na halina mwanga mwingi, kwa kuwa limejengwa kwa vioo vya kawaida badala ya mche wa kioo kizima. Nani atafokasi kwa mkono hapo wakati bibi harusi anaingia ukumbini? Ustadi wa zamani ulikuwa na vyombo vyake, na vyombo hivyo ndivyo vilivyoondolewa kwenye kamera hizi.

Kuna pia wanaosema anayeanza hanunui lenzi ya pili, kwamba 18-55mm inayokuja na kamera inamtosha. Kwa wengine ni kweli, na mtu wa namna hiyo asisumbuke na habari hizi. Lakini kama lenzi haitabadilishwa kamwe, sababu ya kununua kamera ya kubadilisha lenzi inabaki ndogo, maana simu nzuri imekwisha kuchukua sehemu kubwa ya kazi hiyo. Thamani ya kamera hizi imo kwenye ile lenzi ya pili.

Basi herufi zisomwe. Kwa Nikon, AF au AF-D peke yake ina maana ya kichuma: isipelekwe kwenye D3000 na D5000 wala ndugu zao. AF-S na AF-I zina mota. Herufi G isikudanganye. Inasema tu kwamba lenzi haina pete ya kupangia mwanya, haisemi lolote kuhusu mota, na ile 70-300 ya kwanza kule juu ndiyo ushahidi. AF-P ina mota, lakini inataka bodi mpya: D3400, D3500 na D5600 zinaipokea zilivyo, D3300, D5300 na D5500 zinahitaji programu zao za ndani zisasishwe, na D3200, D3100, D5100, pamoja na D90 na D7000 zenye kichuma, hazifai. Hilo la mwisho linawashangaza wengi, kwamba bodi ya bei kubwa yenye mota inaweza kushindwa na lenzi ambayo D3400 inaitumia bila taabu. Kwa kampuni nyingine, Sigma mara nyingi huandika HSM pale mota ilipo. Tokina 11-16mm f/2.8 ya kwanza, iliyopendwa sana na wapiga picha za majengo, haikuwa na mota kwa upande wa Nikon. Ya pili, yenye alama ya II, ilikuwa nayo. Tamron iliuza 70-300mm ya bei nafuu kwanza bila mota, baadaye ikiwa nayo, na kwa macho si rahisi kuzitofautisha. Dawa ni kugeuza lenzi na kutazama mgongoni: ukikuta kijitundu chenye mfuo na hakuna herufi zinazotaja mota, hiyo ni ya kichuma.

Wengine wataona mjadala huu umepitwa na wakati, kwa kuwa karibu kampuni zote sasa zinatengeneza kamera zisizo na kioo, ambazo lenzi zake za otofokasi zina mota ndani. Ungekuwa umepitwa kama mtu angenunua kila kitu kipya. Nikon ilipoanzisha mfumo wa Z mwaka 2018 ilitoa adapta ya FTZ ili lenzi za zamani zitumike, na adapta hiyo haikuwa na mota. Wala FTZ II ya mwaka 2021 haina. Kwa hiyo mwenye AF-D akihamia Z50 au Z30 anakutana na ukimya uleule wa D40. Canon nayo ilianzisha EOS R mwaka 2018, na kupitia adapta yake lenzi za EF zinafokasi kwenye bodi mpya, hata zile ndogo kama R50, kwa sababu zimekuwa na mota tangu 1987. Sidai kwamba Canon haina mitego. Lenzi za EF-S, zenye alama ya mraba mweupe, haziingii kwenye bodi zake zenye kioo na sensa kubwa, na baadhi ya lenzi za Sigma za enzi ya filamu hugoma kwenye EOS za kidijitali. Lakini mitego hiyo haimvizii anayeanza kwenye lenzi yake ya pili.

Hukumu yangu basi ni hii. Kwa anayeanza, anayetaka kamera ya kioo iliyotumika na hana mtu wa kumuuliza, Canon ya kuanzia ndiyo salama zaidi, hata pale sensa ya Nikon ya bei ileile inapotoa picha bora gizani. Kwa aliyerithi au aliyepata kwa bei ndogo lenzi za AF-D, atafute D90, D7000, D7100 au D7200, asikubali kuuziwa D5600 kwa kuwa tu ni mpya zaidi. Na kwa aliyekwisha kununua D3200, hana hasara: lenzi ya AF-S 35mm f/1.8G itampa kamera nzuri sana. Wote watatu waende dukani na bodi yao wenyewe na betri iliyojaa, wafunge lenzi, wahakikishe swichi ya fokasi iko upande wa otofokasi na siyo wa mkono, walenge kitu cha karibu kisha cha mbali, na wabonyeze kitufe nusu kila mara. Vioo visiposogea, rudisha lenzi mezani kabla fedha haijatoka mfukoni.